Mbwa wenu anahitaji upasuaji na fedha haipo: mwongozo kamili wa kuchangisha, kwa watu wa Kigoma

Mbwa wa nyumbani akigongwa na bodaboda pale Mwanga, au jike akivimba tumbo na kuacha kula, familia nyingi husikia bei ya daktari na kukata tamaa hapo hapo. Mbwa anafungwa nyuma ya nyumba, anawekewa maji, watoto wanalia, wakubwa wanasubiri yaishe. Inaniuma, kwa sababu watu wa mji huu wanajua kuchanga. Tunachangia harusi, misiba, ada za shule, nauli ya mgonjwa wa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Mchango wa mbwa hukwama kwa sababu mara nyingi unaombwa bila bei, bila tarehe na bila daftari, na mtu aliyekuwa anasita anapata sababu ya kuendelea kusita. Mwenye bei mkononi, tarehe ya upasuaji na daftari lililo wazi huwa anasikilizwa, hata na wasiopenda mbwa.

Kwanza jua: ni jambo la saa au la siku?

Kabla hujampigia mtu yeyote simu ya fedha, mpigie daktari wa mifugo umuulize swali moja: mnyama huyu anaweza kusubiri muda gani? Jibu ndilo litakalokuambia uchangishe kwa namna gani.

Mguu uliovunjika mara nyingi unaweza kusubiri siku chache, alimradi mbwa ametulizwa maumivu, mguu umefungwa vizuri na hakuna damu inayovuja ndani. Hapo una nafasi ya kuchangisha kwa utaratibu. Jike ambaye hajatolewa kizazi, aliyekuwa kwenye joto wiki kadhaa zilizopita, halafu sasa anakunywa maji kupita kawaida, hataki chakula, tumbo limejaa na pengine anatoa uchafu wenye harufu sehemu za siri, huenda ana usaha kwenye kizazi. Huyo hasubiri mwisho wa mwezi. Kuna wakati uchafu hautoki kabisa kwa kuwa mlango wa kizazi umefunga, na hiyo ndiyo hatari zaidi. Mbwa aliyeshindwa kuzaa, au asiyeweza kukojoa, ni wa leo. Tumbo lililojaa hewa ghafla huku mbwa akijaribu kutapika bila kutoa kitu ni suala la saa chache, na hapo unakopa kwa ndugu mmoja unayemwamini, unalipa, kisha mchango unafuata kurudisha deni.

Wakati mnasubiri, msimpe dawa za watu. Panado, ibuprofeni na diklofenaki zinazouzwa kila duka la dawa zinaweza kumuua mbwa, au kumharibu ini, figo na tumbo. Nimesikia mara nyingi mno mtu akisema "nilimpa Diklopa kidogo atulie". Dawa ya maumivu ya mbwa atoe daktari.

Pata bei iliyoandikwa

Hapa tofautisha watu wawili. Afisa mifugo wa kata anaweza kuwa mwenye stashahada, mzuri sana kwa chanjo, minyoo na ushauri. Upasuaji wa kufungua tumbo au kuunga mfupa unataka daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Muulize namba yake ya usajili bila aibu. Daktari wa kweli hakasiriki. Kama humjui yeyote, anzia idara ya mifugo ya Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, au waulize wenye maduka ya dawa za mifugo: wanawajua wote, na wanajua nani mkono wake ni mwepesi.

Mwombe daktari akuandikie mchanganuo, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari yenye saini na namba ya simu. Uwe na vipengele hivi: kumwona daktari, eksirei au kipimo cha damu, dawa ya usingizi (nusu kaputi), upasuaji wenyewe, dawa za kuzuia maambukizi na za maumivu, kulazwa kama kupo, na marudio pamoja na kutoa nyuzi, ambazo kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kipengele cha mwisho ndicho watu hukisahau. Wanachanga, mbwa anapasuliwa, halafu siku ya tano kidonda kinafunguka na hakuna hata shilingi ya bajaji.

Muulize pia kama kuna njia nyingine. Swali hili linaweza kuokoa fedha nyingi. Mfano mkubwa ni ule uvimbe mwekundu unaofanana na koliflawa, unaovuja damu kwenye uume au uke wa mbwa. Wengi huambiwa "akatwe". Kama ni ule uvimbe unaoambukizwa mbwa kwa mbwa wanapopandana, tiba yake ya kawaida ni sindano za dawa iitwayo vincristine, mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, na mara nyingi unakauka kabisa bila kisu. Kwa mguu uliosagika, kuukata kunaweza kuwa nafuu kuliko kuweka chuma, na mbwa wa miguu mitatu hukimbia, hubweka na hulinda kama kawaida. Na kama ni mzee na uwezekano wa kupona ni mdogo, mwambie daktari akwambie wazi. Kumpumzisha bila maumivu ni uamuzi halali, na ni bora ujulikane kabla ya kuchukua fedha ya mtu.

Daktari wa hapa akisema kazi imemzidi, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine iko Morogoro. Ni mbali, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huku, kwa hiyo kabla ya kufikiria safari mwombe daktari wako awasiliane nao, awatumie picha za eksirei, aulize kama kazi inaweza kufanyika hapa kwa maelekezo. Mkilazimika kusafiri, weka gharama ya gari kwenye bajeti tangu mwanzo, na upitie kwa afisa mifugo kuuliza kibali cha kusafirisha mnyama na kuandaa cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kikao cha nyumbani

Kaeni familia, watoto wakiwemo. Andikeni jumla, kisha semeni ninyi mnatoa nini. Mchango wa kwanza lazima utoke ndani. Jirani akisikia kwamba baba ametoa kiasi fulani, mama ameuza jogoo wawili na kijana wa sekondari ametoa fedha yake ya kufyatua tofali, moyo unamlainika. Akisikia familia haijatoa kitu, anajiuliza kwa nini atangulie yeye.

Tuchukue hesabu ya mfano tu, bei halisi utaipata kwa daktari wako. Eksirei 40,000. Nusu kaputi na upasuaji 280,000. Dawa na kulazwa 90,000. Marudio na kutoa nyuzi 30,000. Usafiri 50,000. Akiba ya dharura 60,000. Jumla 550,000. Familia inatoa 150,000, zinabaki 400,000. Sasa usizitazame hizo laki nne kama mlima, zigawe. Watu 20 wa shilingi 10,000 ni 200,000. Watu 30 wa shilingi 5,000 ni 150,000. Iliyobaki, 50,000, mtaitafuta kwa biashara ndogo nitakayoieleza. Mkiishagawa hivyo, kaeni na simu zenu mezani muandike majina 50 ya kweli. Kama majina hayafiki, bora mjue leo mpunguze lengo au mzungumze na daktari kuhusu kulipa kwa awamu. Baadhi ya madaktari wa mifugo hukubali nusu kabla na nusu baadaye, hasa mtu akija na mpango ulioandikwa.

Kwenye kikao hicho hicho amueni mambo mawili magumu: mbwa akifa kabla ya upasuaji fedha itarudishwaje, na ikizidi itakwenda wapi. Mtaandika majibu kwenye ujumbe wa mchango. Watu huyafikiria maswali hayo hata wasipoyauliza.

Mweka hazina na daftari

Fedha isikae kwa mwenye mbwa. Mtafute mtu mmoja wa nje ya nyumba anayeheshimika: mwalimu, balozi, mama wa kikoba, mwenye duka la jirani. Namba yake ndiyo itakayopokea. Kama mna kikundi ambacho tayari kina akaunti ya pamoja kwenye simu, kama M-Koba, kitumieni, kwa sababu fedha haitoki mpaka viongozi waidhinishe. Ila msianze kuunda kikundi kipya mbwa akiwa anaumwa.

Daftari liwe la mistari la kawaida, kurasa zimepigwa namba. Safu tano zinatosha: tarehe, jina, ahadi, taslimu, saini ya mweka hazina. Ahadi na taslimu zisichanganywe kamwe. Michango mingi imeharibika kwa kuhesabu ahadi kama fedha: mnadhani mna laki nne, kumbe mkononi kuna laki na nusu. Kila jioni saa moja, mweka hazina apige picha ukurasa wa siku hiyo auweke kwenye kundi la WhatsApp. Aliyeomba jina lake lifichwe aandikwe "msamaria", kiasi kibaki.

Angalizo la matapeli. Mweka hazina asiamini ujumbe mfupi wa muamala peke yake; aangalie salio ndipo aandike. Na mtangaze mapema kwamba namba haitabadilika, maana wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" wakiona mchango unatembea nao hujipenyeza.

Ujumbe wenyewe

Uwe mfupi, uwe na picha moja ya mbwa iliyopigwa wiki hiyo, na picha ya mchanganuo wa daktari. Picha ya kidonda kinachotisha usiweke. Watu hufuta bila kusoma. Unaweza kuandika hivi:

"Habari za jioni ndugu, jamaa na majirani. Mbwa wetu Simba, mlinzi wa nyumba yetu hapa Gungu kwa miaka sita, amegongwa Jumatatu na kuvunjika mguu wa nyuma. Daktari wa mifugo amepanga upasuaji Jumamosi. Gharama yote ni 550,000 (mchanganuo uko kwenye picha). Sisi familia tumetoa 150,000. Tunaomba mtusaidie 400,000 kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Elfu mbili, elfu tano, elfu kumi, yoyote inasaidia. Tuma kwenda namba ya mweka hazina wetu (namba), jina litatokea (jina). Daftari litawekwa hapa kila jioni. Simba asipofika siku ya upasuaji, fedha ambayo haijatumika itarudishwa kwa kila mmoja. Ikizidi, itachanja mbwa wa mtaa wetu. Asanteni sana, Mungu awabariki."

Angalia kilichomo: mbwa ana kazi, ajali ina siku, fedha ina mwisho wake. Usiandike "tafadhali tusaidieni chochote" ukaishia hapo. Anayesoma akiwa kwenye daladala anahitaji kujua atume kiasi gani na kabla ya lini.

Ujumbe haumalizi kazi. Kwa wakubwa, piga simu. Kumtumia mjomba ujumbe wa kundi ni kumkosea adabu. "Shikamoo mjomba. Za huko? Watoto hawajambo? Mjomba, nimepata mtihani kidogo nyumbani, naomba nikueleze…" Eleza kwa dakika moja, taja kiasi ulichokuwa unakifikiria, kisha nyamaza umsikilize. Akisema hana, mshukuru vilevile, umwombe dua. Anayekubali kukataliwa kwa adabu leo anapokelewa vizuri kesho.

Muda wa kuomba: utazame mwezi wa angani na mwezi wa mshahara

Hili ni la Kigoma hasa. Fedha ya mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hufuata giza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi inapumzika, na Kibirizi panapoa: mvuvi hana, mchuuzi hana, mama wa kuanika dagaa hana. Ukienda kuomba siku hizo utajibiwa "subiri giza liingie", na ni kweli hana. Kama upasuaji unaweza kusubiri siku chache, watu wa mwaloni waombe giza likiwa limeingia. Kumbuka pia kwamba ziwa linaweza kufungwa: mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kipindi kama hicho elekeza nguvu kwa walimu, manesi na wafanyakazi wa ofisi, na hao uwapate mshahara ukishaingia, kabla haujagawanyika.

Majirani Waislamu na suala la najisi

Mji wetu, na Ujiji hasa, una Waislamu wengi, na wengine watasita kwa sababu ya dini. Liheshimu hilo kwa vitendo. Usiende na mbwa kwenye nyumba ya mtu. Usiombe tangazo msikitini bila kuzungumza na viongozi wake kwanza. Unapoeleza, sema kweli yake: huyu ni mbwa wa ulinzi, na mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda wamepewa ruhusa. Masheikh wetu wenyewe husimulia kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mate ya mbwa yana hukumu yake. Huruma kwa mnyama ina thawabu yake. Nimewaona wazee wa kanzu wakitoa bila kelele, huku wakisisitiza mbwa asikaribie kibaraza chao. Pokea, na utekeleze.

Kwa Wakatoliki, jumuiya ndogondogo ni mahali pazuri pa kusema, kwa dakika mbili baada ya sala, si katikati.

Atakayekwambia "watoto wa watu hawana madawati, wewe unachangisha mbwa" usibishane naye. Mwambie ni kweli madawati yanahitajika, na kwamba hulazimishi mtu. Halafu endelea na orodha yako.

Mawese, dagaa na migebuka

Watu wa Kigoma walioko Dar, Dodoma na Mwanza wana hamu ya vya nyumbani, na hapo ndipo mnapata ile elfu hamsini iliyobaki. Chukueni oda kwanza na fedha kwanza. Msinunue bidhaa kwa fedha ya mchango. Tangazeni dumu la lita tano la mawese, kilo ya dagaa na migebuka iliyokaushwa, mkisema wazi kwamba faida inakwenda kwenye matibabu. Kwenye bei jumlisheni mafuta, dumu tupu, nailoni, na gharama ya kutuma kwa basi. Waliosahau dumu na usafiri hujikuta wamefanya kazi bure.

Mawese yafungwe kwa uangalifu. Mdomo wa dumu uwekewe nailoni mara mbili, mfuniko ukazwe, uzungushiwe utepe wa gundi, kisha dumu lilazwe ubavu usiku mzima juu ya gazeti. Asubuhi gazeti likiwa na doa la rangi ya chungwa, fungueni upya. Dumu likivuja kwenye buti la basi juu ya mabegi ya watu, faida yote itaishia kulipa nguo. Dagaa wawe wakavu kabisa, wale wanaovunjika ukiwabana kwa vidole. Wenye unyevu watafika wameoza.

Mnada mdogo nao unafaa: mkungu wa ndizi, kitenge, jogoo, mtu anapandisha bei na kila mtu anaona. Bahati nasibu ya kuuza tiketi iacheni, kwa sababu inataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Mikopo

Msikope kausha damu kwa ajili ya upasuaji. Riba ya siku na ya wiki itachukua televisheni na godoro baada ya mbwa kupona. Programu za mikopo ya simu zinazodai ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako ziogope. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ukilazimika, kopa kwenye kikoba chako, ambako riba inabaki kwa wenzako na masharti unayajua.

Kama una ndugu Ulaya au Marekani, anaweza kufungua mchango kwenye GoFundMe kwa jina lake. Mtu aliye Tanzania hawezi kupokea fedha zake moja kwa moja, kwa hiyo lazima aseme kwenye ukurasa huo kwamba yeye anapokea kwa niaba yenu na atatumaje. Usimbebeshe mzigo huo ndugu usiyezoea kuzungumza naye habari za fedha.

Kulipa, na baada ya kisu

Mweka hazina amlipe daktari mwenyewe, kwa lipa namba yake au mkononi, apewe risiti, na risiti iende kwenye kundi siku ile ile. Muulize daktari mbwa asile kuanzia saa ngapi kabla ya nusu kaputi, na mlitii hilo hata akilia. Kola ya kumzuia asilambe nyuzi si lazima muinunue: ndoo ndogo ya plastiki iliyokatwa kitako, ikafungwa kwenye mkanda wa shingoni kwa kamba iliyopita kwenye matundu, inafanya kazi. Mlazeni ndani au kwenye stoo safi, siyo kwenye vumbi.

Taarifa kwa waliochanga ziende mara tatu: jioni ya upasuaji, siku ya kutoa nyuzi, na siku ya kufunga hesabu. Hata kama mbwa amefia mezani, taarifa ziende, na wazi kwamba daktari alifanya kazi na analipwa. Ahadi ambazo hazijatimia kumbushia mara moja kwa upole, ya pili acha, na jina la mtu lisisomwe hadharani kama mdaiwa.

Ikibaki fedha, fanyeni mlichoandika. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa mbwa wa mtaa ni matumizi mazuri kuliko yote, kwa kuwa inawalinda watoto wa waliochanga na wa wasiochanga. Panga na afisa mifugo wa kata. Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huchanja bure, na siku hiyo akiba yenu inaweza kununua kamba na kulipa vijana wa kuwaleta mbwa wasio na mwenyewe.